Msumeno wa kukunja wa kwenda nao porini, nichukue upi? (Wangu umekatikia Lushoto mbele za watu)

#1 mzururaji_wa_milima

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana dukani nimechoka kuuliza, dukani kila msumeno ni mzuri na kila msumeno umetoka Japani.

Iko hivi. Mimi na washkaji watatu tuna katabia ka kwenda kulala nje kila baada ya miezi miwili hivi. Hatuendi hifadhini, tunaenda mashambani kwa watu tunaofahamiana nao, tunaomba, tunapiga hema, tunachoma nyama, kesho yake tunarudi mjini na harufu ya moshi. Juzi tulikuwa kwa mjomba wangu Lushoto kule juu kwenye baridi, mjomba kuna migrivea aliipogoa mwaka jana matawi yako chini yamekauka safi, akasema chukueni tu. Nikatoa msumeno wangu wa kukunja, niliununua Kariakoo 15,000, mpini wa plastiki rangi ya chungwa, nikaanza kukata kwa mapozi. Tawi la kwanza unene wa kifundo cha mkono likaenda. La pili nene kidogo, nimefika katikati msumeno ukabanwa, nikausukuma kwa nguvu zote, ukapinda kama karatasi, mara TWAA, vipande viwili. Washkaji wanacheka mpaka leo, kwenye grupu la WhatsApp naitwa Msumeno Nusu. Usiku ule tumepikia kuni alizokata shangazi kwa panga, na shangazi ni mtu wa miaka 60 na ushee.

Sasa safari hii nataka kitu cha maana. Kazi zangu ni mbili, kuni za kambini, halafu nimeanza kuchonga miko na vijiko, sijafika mbali, mwiko wangu wa kwanza wife anazuilia mlango usifungwe na upepo. Naweza kujikaza mpaka laki na nusu kama kweli kitu kinadumu. Nimeona kuna ile mirefu bapa lake zaidi ya futi, nahisi tatizo la wangu ulikuwa mfupi (bapa kama sentimita 21). Nibebe mrefu?

#2 mkurugenzi_wa_kuni

Pole sana Msumeno Nusu. Mimi naweka kambi hapahapa, kuni mtaniletea.

#3 fundi_seremala

Mkuu kabla hujatoa hela jibu maswali mawili. Moja, hilo gogo lilikuwa limelalaje chini? Pili, kipande kilichobaki kwenye mpini angalia meno yake, ncha za meno zinaangalia mbele au zinaangalia kwako ulikoshika?

#4 mzururaji_wa_milima

Gogo ncha zote mbili zilikuwa juu ya mawe, katikati hewani, nilikuwa nakata palepale katikati. Meno yanaangalia kwangu. Kwani kuna tofauti?

#5 fundi_seremala

Tofauti ndiyo hiyo iliyokuvunjia heshima mbele ya shangazi.

Msumeno wa seremala tuliorithi, ule wenye mpini wa mbao kwa nyuma, meno yanaangalia mbele, unakata ukisukuma. Kwa hiyo bapa lake lazima liwe nene, lisipokuwa nene litapinda. Hii ya kukunja mingi imefuata mtindo wa Wajapani, meno yanaangalia nyuma, unakata UKIVUTA. Chukua kamba ya kiatu, ivute inanyooka, isukume inajikunja, basi ndio hesabu yenyewe. Kwa sababu kazi inafanyika kwenye kuvuta bapa linaweza kuwa jembamba sana, na bapa jembamba linatoa unga kidogo, halikuchoshi, linakata haraka. Ila ukisahau ukausukuma kama wa babu, unakatika. Kwenye kurudi mbele unauachia tu uteleze wenyewe bila kuukandamiza.

Halafu hilo gogo. Kitu kikishikwa ncha zote mbili katikati kinataka kushuka, ukikata kutoka juu ile njia ya msumeno inajifunga kadiri unavyoingia, inaubana kama koleo. Hapo unaanza juu kidogo, kama theluthi, kisha unamalizia kutoka chini kwenda juu. Au zaidi sogeza gogo, lile unalotaka kukata lining'inie nje ya jiwe, hapo njia inafunguka yenyewe. Likining'inia anza na mkato mfupi chini kwanza ili lisije likachanika na kuvuta gome likiwa linaanguka.

Kwa hiyo wako haukuwa mfupi. Kipimo tulichofundishwa, urefu wa bapa uwe angalau mara mbili ya unene wa kitu unachokata. Sio ushamba, kuna sababu, meno yanapozama ndani ya mti yanajaza unga, yasipopata nafasi ya kutoka nje upande wa pili kuutema ule unga basi unasukuma unga tu hukati. Sentimita 21 inakuruhusu unene wa sentimita 10 bila taabu, na kuni za kupikia nyama ya watu wanne zaidi ya hapo za nini?

#6 mzee_wa_mafiga

Mimi naona mnahangaika bure. Bibi yangu hajawahi kugusa msumeno mpaka anaingia kaburini na watu kumi na nne walikula kila siku. Mafiga matatu, gogo refu unaingiza ncha, likiungua unasogeza, likiungua unasogeza. Moto ndio msumeno. Vijana mnanunua vitu vya laki kwenda kukata kitu ambacho moto utakikata wenyewe.

#7 mkurugenzi_wa_kuni

Mzee kaua uzi saa mbili asubuhi 😂😂

#8 mzururaji_wa_milima

Mzee shikamoo. Nakubali kwa jikoni kwa bibi. Ila kambini usiku watu wanazunguka na vikombe vya chai, gogo la mita mbili limetoka nje ya moto kama mguu wa mlevi, mwaka jana mshkaji alijikwaa akamwaga sufuria ya supu yote, yote mzee. Na tukiwa na jiko la kubeba lile dogo la bati, ukuni ukizidi shubiri hauingii.

#9 mzee_wa_mafiga

Marahaba. Kwa supu nimekuelewa.

#10 mama_kahawa

Mimi niko Moshi upande wa Kibosho, misumeno ya kukunja kwetu hii sio mambo ya utalii, ni ya kupogolea kahawa. Kila mwaka baada ya kuvuna tunaingia shambani, na mtu anakata kutwa nzima sio tawi moja la kuonyesha washkaji. Kwa hiyo niwaambie tunachoangalia.

Kwanza MENO. Watu wanaangalia rangi ya mpini. Mti mbichi una maji na nyuzi zake ndefu, unataka meno makubwa yaliyoachana, yapate nafasi ya kubeba ule unga uliolowa, ukitumia meno madogo madogo yanaziba kama chujio la chai. Mti mkavu na mgumu ni kinyume chake, meno makubwa yanarukaruka na kukushtua mkono, meno ya wastani au madogo yanaenda taratibu lakini yanaenda na uso unabaki laini. Wewe kaka kuni zako ni kavu, miko yako sijui unachonga ikiwa mbichi au kavu lakini vyovyote chukua meno ya wastani, ya katikati. Yale makubwa ya kupogolea miparachichi tuachie sisi.

Pili bapa lililopinda kama mundu na lililonyooka. Lililopinda linashika tawi lenyewe, ni zuri ukiwa unakata kitu kilicho juu ya kichwa au mkono umenyooka. Kwa kazi ya mezani au kwenye goti utalichukia. Chukua lililonyooka.

Tatu, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, uliza kama bapa la akiba linauzwa. Lifunguke kwa bolti moja, utoe la zamani uweke jipya. Muuzaji akikuambia "huu hauharibiki mama" ujue halina bapa la akiba. Na usitafute kwenye maduka ya vyombo, nenda maduka ya pembejeo, wanaouza dawa za kahawa na mabomba ya kupulizia, pale utakuta msumeno wa mkulima na bei ya mkulima.

#11 mdau_kimya

Hilo la duka la pembejeo ni madini. Miaka yote naishi Arusha sijawahi kufikiria.

#12 baridi_kali

Niko Sweden mwaka wa tisa huu, huku kuingia msituni ni kama nyinyi kwenda ufukweni, kila jumamosi. Nina miwili nitawapa uzoefu.

Wa kwanza Bahco Laplander, bapa milimita 190, meno 7 kwa inchi. Huu ni tofauti kidogo na alivyosema fundi, wenyewe unakata kwenda na kurudi, bapa lake nene kidogo kwa hiyo ukiusukuma hauvunjiki kirahisi. Mwepesi, kama gramu 200, unafunga na loki yake ukiwa umefunguliwa na ukiwa umekunjwa pia, bapa limepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Kwa mtu mwenye mkono wa kusukuma kama mleta uzi 😄 huu ndio mwalimu mpole. Udhaifu wake, ukifika kwenye unene wa zaidi ya sentimita 10 unajiuliza ulikosea wapi maishani.

Wa pili Silky Gomboy, wa Japani kweli, bapa milimita 240. Huu ni wa kuvuta tupu. Wakuu, huu kitu unakata kama unakata muhogo. Meno yake hayajapindwa kushoto na kulia kama ya misumeno yetu, bali bapa limesagwa mgongo mwembamba kuliko upande wa meno, kwa hiyo haligusi kuta za njia. Lakini ni mzito zaidi, na nilimwazima rafiki mmoja akausukuma mara moja tu, bapa likapinda, sijasema kitu kwa sababu ni rafiki na ana gari.

Aside, ile alama ya samaki na ndoano kwenye misumeno ya Bahco, wazee wa useremala mtakuwa mmeiona kwenye misumeno ya zamani ya Sandvik. Ndio hiyohiyo, ilianza 1886 katika mji wa Sandviken, biashara ya vifaa vya mkono Sandvik waliiuza baadaye mwaka 1999.

Na huku pamoja na kwamba kila mtu ana haki ya kutembea na kulala kwenye misitu ya watu, kukata tawi la mti ulio hai hairuhusiwi, unaokota vijiti vilivyoanguka tu. Hata mti mzima ulioangushwa na upepo ni mali ya mwenye msitu. Kwa hiyo msumeno wangu mara nyingi unafanya kazi kwenye kuni nilizonunua petroli steshen. Ndio maisha.

#13 fundi_seremala

@baridi_kali ile samaki nimeikuta kwa marehemu baba, msumeno ulikuwa unalia ukigonga na kidole. Asante kwa kunirudisha.

#14 nje_ya_nairobi

Niaje watu wa Bongo. Hapa Kenya nimejaribu hizo zote plus ile cheni ya mfukoni, ile unavuta na mikono miwili kama unakausha mgongo na taulo. Usidanganywe na video. Inakata, siwezi sema haikati, lakini lazima gogo liwe juu ya goti hivi na usimame vizuri, na ikibanwa ni wewe na Mungu wako. Niliitumia mara tatu nikampea mtoto wa jirani afungie mbwa.

Chenye kinanifanyia ni hiki. Nenda hardware yoyote, Kamukunji ama kwenu Kariakoo, nunua bapa TUPU la ule msumeno wa upinde, inchi 21, hiyo ni kama sentimita 53. Bei ni ya soda mbili tatu. Liko jembamba, unalizungusha taratibu linaingia ndani ya mkebe wa biskuti, funika meno na bomba la maji ulilopasua. Halafu chonga vipande vitatu vya mbao, viwili vya kusimama na kimoja cha katikati, ukiviunga vinakaa kama herufi H. Chini unafunga bapa na bolti mbili, juu unazungushia kamba na kijiti, unasokota kijiti mpaka bapa likaze, ukiligusa linalia ting. Unakata nalo mti wa unene wa sufuria na ukimaliza unafungua unaweka kwa begi. Hiyo ni portable na ni woodcraft pia, umejichongea mwenyewe. Lakini uliza hardware ni ya mti mkavu ama mbichi, ziko aina mbili. Ya mbichi utaona kila baada ya meno kadhaa kuna jino moja limegawanyika kama mkia wa samaki, hilo kazi yake ni kukwangua unga utoke. Kwa kuni kavu chukua ile meno yote yanafanana.

#15 mzururaji_wa_milima

Hii ya H nimeipenda mno. Ila kwa vijiko si itakuwa kubwa?

#16 nje_ya_nairobi

Kwa vijiko ni kama kunyoa na panga bro.

#17 mwana_wa_pangani

Sisi wa mwambao mnatusahau. Huku shida sio kukata, shida ni kutu. Chumvi inakula chuma usiku ukiwa umelala. Mimi kila nikimaliza nafuta na kitambaa chenye mafuta ya cherehani tone mbili tatu, na ile sehemu ya kukunjia ndio ya kwanza kufa, tia tone pale kwenye bolti ufungue ufunge mara kumi. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda yanakuwa gundi, nimefanya ujinga huo nikahitaji koleo kufungua.

Na tahadhari ya pili, mnazi. Mtu akikuambia kuni za mnazi ni bure, uliza meno ya msumeno wake yako wapi. Mnazi una vitu ndani yake kama mchanga, hasa upande wa nje kule kugumu kwenye rangi ya kahawia, unasaga meno mpaka yanakuwa kama ya mzee. Mafundi wanaopasua mbao za minazi wanajua, wananoa mara nyingi kuliko wanavyokata. Huo msumeno wa laki na nusu ukiupeleka kwenye mnazi jumapili mbili umekwisha.

#18 mdau_kimya

Kwani yakiisha makali si unanoa tu kwa tupa?

#19 fundi_seremala

Hapo ndipo watu wanapopigwa na butwaa. Misumeno mingi ya siku hizi ncha za meno zimechomwa kwa umeme ghafla zikagandishwa ngumu, nje tu, katikati ya bapa kumebaki laini ili lisikatike kama kioo. Utazijua, ncha zina rangi nyeusi nyeusi au bluu ya moto. Pitisha tupa, inateleza tu kama unanoa chupa. Faida yake makali yanakaa muda mrefu sana, hasara yake yakiisha yameisha. Ndio maana mama_kahawa kasema bapa la akiba, amesema kitu kikubwa watu wamepita juu juu.

Ukitaka wa kunoa mwenyewe tafuta ambao meno yana rangi moja na bapa lote, tupa nyembamba ya pembe tatu inakamata. Opinel wa Ufaransa wale wa visu vya mpini wa mbao wana wa kukunja pia, sentimita 12 na 18, ule wa 12 kwa kijiko ni mzuri sana, unakaa mfukoni, una pete ya chuma shingoni unaizungusha inafunga bapa lisikurudie. Lakini usiupeleke kwenye kuni utaulaumu bure.

Na ulimbo, mkikata misonobari (watu wa Mafinga mnanielewa), bapa linakuwa na utando wa kunata na msumeno unaanza kubanwa hata kwenye kitu chembamba, mtu anadhani meno yamekufa kumbe ni uchafu. Kitambaa na mafuta ya taa, unafuta, unaendelea. Nimewahi kununua kwa mtu msumeno "mbovu" elfu tatu, nikausafisha dakika tano.

#20 skauti_mstaafu

Naomba niongelee vidole maana hakuna aliyeviongelea.

Nimefundisha watoto kambi nyingi. Nikiwa na watoto wa miaka 11 au 12 napendelea kuwapa msumeno kabla ya panga wala shoka. Panga likiteleza linasafiri, msumeno ukiteleza unabaki pale pale ulipo. Lakini kidonda cha msumeno ni kibaya, ni mpasuko wa kuchanika sio wa wembe, unachelewa kupona. Karibu vidonda vyote nilivyofunga vilikuwa mkono wa kushoto kidole gumba au shahada, na vyote vilitokea kwenye mvuto wa kwanza au wa pili, kabla msumeno haujapata njia yake. Anza na meno ya karibu na mpini, vuta taratibu bila kukandamiza mara mbili tatu mpaka pawe na mfereji, ndio uongeze kasi. Mkono ulioshikilia mti uwe mbali shubiri nzima na uvae glavu mkono HUO, watu wanavaa glavu mkono ulioshika mpini sijui kwa nini.

Kabla ya kufungua simama, nyoosha mkono ukiwa na msumeno uliokunjwa, zunguka mduara. Kama kuna mtu unaweza kumgusa asogee au usogee wewe.

Na loki. Dukani fungua, funga loki, kisha jaribu kuukunja kwa nguvu bila kubonyeza kitufe. Ukikunjika rudisha. Halafu shika ncha ya bapa utikise kushoto kulia, ukicheza kama jino bovu rudisha. Hayo mawili yanachuja zaidi ya nusu ya misumeno ya barabarani.

#21 mkurugenzi_wa_kuni

Swali la kizushi, nikienda nao Kilimanjaro?

#22 skauti_mstaafu

Uache nyumbani. Mlimani hakuna kuwasha moto wa kuni, wapagazi wanapika kwa gesi. Hifadhi zote za TANAPA kukata mti au kuokota kuni hairuhusiwi. Misitu ya hifadhi iliyo chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) ni kwa kibali, na msitu wa kijiji unaanzia ofisi ya kijiji. Alivyofanya mleta uzi, shamba la mtu na ruhusa ya mwenyewe, ndivyo. Na kwenye ndege uweke kwenye begi la chini la mizigo, ukiwa nao mkononi utawaachia pale kwenye mashine.

#23 mchonga_miko

Nimechelewa uzi mtamu hivi. Mimi ni miko, upawa na vijiko, nauza kidogo kidogo.

Kwa mchongaji msumeno unafanya kazi tatu tu. Kukata kipande kwa urefu, kukata ncha iliyopasuka (mti unaanza kupasuka kwenye ncha, kwa hiyo acha urefu wa ziada vidole vinne kila upande utaukata baadaye), halafu ile ambayo wengi hawaijui, unakata mikato miwili ya kina kifupi pale shingo ya kijiko inapoanza, kushoto na kulia, ndipo unapasua na panga au tezo kutoka upande wa mpini. Ufa ukifika kwenye ule mkato unasimama. Bila hivyo ufa unakimbia mpaka kwenye bakuli la kijiko na kazi ya saa nzima inaingia jikoni kama kuni. Kwa kazi hii unataka meno madogo na bapa fupi, sentimita 12 mpaka 17.

Miti: mchungwa na mlimau ni ngumu lakini tamu kuchonga ikiwa mbichi. Mgrivea unapendeza, una madoa kama chui. Mforosadi mzuri. Mlonge acha, laini kama sifongo. Mwarobaini usijaribu mwiko, pilau litakuwa dawa. Mwembe mzuri ila utomvu wake unawasha ngozi ya baadhi ya watu, mimi mmojawapo. Na minyaa ile ya uzio USIKATE na msumeno kabisa, maziwa yake yakiruka kwenye jicho utalia kwa siku mbili na inaweza kuwa mbaya kuliko hapo. Mpingo naulizwa kila wiki, mpingo ukiutupa kwenye maji unazama, sasa wewe na kamsumeno ka kukunja unaenda kutafuta nini huko, waachie Wamakonde.

#24 mzururaji_wa_milima

Wakuu nimesoma yote mara mbili, nikapiga skrinshoti za #5 na #10 nikazituma kwenye grupu, hawajaomba radhi. Narudi na jibu.

#25 mzururaji_wa_milima

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Kwanza ile nusu iliyobaki. Kilibaki kipande kama sentimita 11 kwenye mpini, nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea hapa mtaani akaniviringia ile ncha iliyokatika kwenye mashine ya kusaga, 1,000. Ndio nachongea vijiko sasa, ile mikato miwili ya shingo ya mchonga_miko inafanya kazi kweli jamani, nimepata kijiko cha kwanza ambacho mtu anaweza kukitia mdomoni. Wife amekitia kwenye sukari. Kwenye SUKARI, sio mlangoni.

Pili kuni. Niliagiza kwa jamaa anayetoka Moshi, duka la pembejeo, bapa limenyooka sentimita 21, meno ya wastani, bolti moja, na bapa la akiba kwenye karatasi. Jumla na akiba haikufika 40,000. Nimefanya ule mtihani wa skauti wa kukunja na kutikisa mbele ya yule jamaa stendi, watu wakawa wananiangalia.

Jumamosi tukapanda Lushoto. Gogo lilelile lenye kovu la aibu yangu bado lilikuwepo, mjomba hakuligusa nahisi makusudi. Nikalisogeza likaning'inia, mkato mfupi chini, kisha juu, kuvuta tu, kuvuta tu. Dakika moja na kitu, pu, likaanguka. Nikakata vipande kumi na viwili bila kutokwa jasho, washkaji kimya.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anaangalia. Akaja, akaushika, akaufungua akaufunga, akauliza kwa nini haulii. Akakata tawi moja. Akakata la pili. Akaniambia mwanangu, huu ni mwepesi kuliko panga, na wewe Dar huko unakata nini?

Kwa hiyo nimerudi Dar mikono mitupu na bapa la akiba kwenye begi. Mama_kahawa lile duka liko mtaa gani hasa?

#26 mama_kahawa

😂😂😂 Njoo PM. Na safari hii nunua miwili, mjomba naye anaangalia.